Mlio wa Simu ya Gathogo

Wimbo wenyewe ulikuwa wa kuchekesha. Mwanamume wa Kikuyu anaenda kuposa akiwa amevaa kofia mpya, na kabla wazee hawajamaliza chai, mbuzi wa baba mkwe ameitafuna kofia yote. Beti zinazobaki ni huyo mwanamume akiuliza sasa atarudi kwao vipi kichwa wazi, na wasichana wa boma wakimjibu. Gitaa lilikuwa la kasi, la kuchezeka, na hata mtu asiyejua Kikuyu alicheka wimbo ukifika pale mbuzi anapolia.

Gathogo aliupenda kwa sababu aliona ni hadithi yake. Alikuwa kijana wa Nyahururu aliyekuja kufanya biashara Soy, mji mdogo karibu na Eldoret, akampenda Jerop, mwalimu wa shule ya msingi, akaenda kuposa kwa Wakalenjin. Siku hiyo mvua ilimkuta njiani. Alifika matope hadi magotini na suruali imemganda, na ndugu za Jerop wakacheka bila haya. Kipyego, kaka mkubwa wa Jerop, ndiye aliyecheka zaidi. Kisha akavua koti lake akampa. Urafiki wao ulianzia hapo.

Gathogo alikuwa na duka la kanda sokoni, kati ya kinyozi na muuza mbolea. Enzi hizo wimbo ulikuwa kitu cha kungojewa. Ule wa kofia haukupatikana tena popote, basi yeye na Jerop walituma kadi ya salamu kwa redio wakiuomba, wakangoja Jumapili baada ya Jumapili, Gathogo amechuchumaa mbele ya redio na kidole kiko kwenye kitufe cha kurekodi. Siku ulipochezwa, mtangazaji aliendelea kuongea wimbo ukipigwa hadi mbuzi akakaribia kofia. Gathogo alimtukana mtangazaji, Jerop akacheka hadi akakaa chini. Lakini sasa walikuwa nao. Waliusikiliza mpaka utepe ukaanza kukwaruza.

Mwaka wa 2007 Gathogo alinunua kompyuta, akaanza kuchoma CD, halafu kuwajazia watu nyimbo kwenye simu. Mkulima alikuja, akataja wimbo, akatoka nao mfukoni.

"Siku hizi hakuna mtu anangoja," Jerop alimwambia. "Anabeba nyimbo mia na hasikilizi hata moja mpaka mwisho."

"Mwalimu, wewe ni wa zamani," Gathogo akamjibu. "Hebu nipigie."

Jerop akampigia. Kutoka mfuko wa shati la mumewe lile gitaa likaruka, na mbuzi akalia. Gathogo alikuwa ameutoa wimbo kwenye kanda, akaukata, akaufanya mlio wa simu yake. Si kwa kila mtu. Ulilia tu akipigiwa na Jerop.

"Hata nikiwa wapi," alisema, "nitajua ni wewe."

Matokeo ya urais yalitangazwa Jumapili jioni, mwisho wa Desemba. Vijana waliingia sokoni na mapanga, mishale na mitungi ya petroli. Walijua maduka ya kuchoma, yale ya Wakikuyu, na ya kuacha. La kinyozi liliachwa. La Gathogo lilimwagiwa petroli, na zile CD ziliyeyuka zikatiririka hadi nje mlangoni. Kuria, fundi seremala wa hapo sokoni, alijaribu kuokoa mashine yake ya randa. Walimkata mkono akiwa bado ameishika, na alipogeuka kuwaomba wakamkata shingo. Gathogo aliyaona yote akiwa nyuma ya choo cha soko. Alimjua kijana aliyeshika panga. Wiki iliyotangulia alikuwa amemjazia nyimbo kwenye simu.

Alikimbia kupitia mashamba hadi bomani kwa Kipyego, ambako Jerop alikuwa ameenda kula Krismasi. Jerop alikuwa na mimba changa. Kipyego alimwingiza Gathogo kwenye ghala la mahindi, akaziba mlango kwa magunia.

"Kuanzia sasa wewe hauko," alimwambia. "Usikohoe."

Kesho yake walikuja kuuliza. Kipyego alisimama langoni na rungu mkononi, akawaambia shemeji yake ametoroka na akimpata atammaliza mwenyewe. Waliamini, ama walijifanya kuamini. Mmoja alisema watarudi.

Kipyego alikuwa na pikapu kuukuu ya kubebea maziwa. Alimpeleka Jerop kwanza, ameketi mbele kama mtu asiye na neno, mpaka Eldoret kwa Tryphosa, mwalimu mwenzake, mtaa wa Kapsoya. Kwenye kila kizuizi vijana walichungulia, wakasikia Kikalenjin, wakasogeza mawe. Siku iliyofuata angemleta Gathogo chini ya majani ya ng'ombe hadi kituo cha polisi, ambako Wakikuyu wengi walikuwa wamekimbilia.

Jerop alingoja nyumbani kwa Tryphosa tangu asubuhi. Moshi ulikuwa umeziba upande wote wa chini wa mji. Mchana uliingia na hakukuwa na habari. Salio la simu lilikuwa limebaki kidogo, na madukani kadi hazikuwepo. Akampigia Kipyego, simu haikushikwa. Akampigia Gathogo. Ikaita hadi ikakatika. Akapiga tena, na tena, na mara ya mwisho simu ikawa imezimwa.

Kipyego alifika kwa miguu jua likielekea kutua. Shati lilikuwa limelowa damu na mkono mmoja una jeraha la panga juu ya kiwiko.

"Ako wapi?" Jerop akauliza.

Kipyego alikaa kwenye ngazi ya mlango. "Simu ililia, Jerop. Tulikuwa tumesimamishwa karibu na Kuinet, walikuwa karibu kutuachilia. Halafu ule wimbo ukalia chini ya majani. Kila mtu akasikia ni Kikuyu."

 Jerop aliingia chumbani, akaweka kidole gumba cha mkono wa kulia, kile alichobonyezea simu, kati ya mlango na fremu, akaufunga mlango kwa nguvu. Akaufungua akaufunga tena. Tryphosa alipomfikia, ukucha ulikuwa umeng'oka na mfupa umepondeka, na Jerop alikuwa akiuvuta mlango kwa mara nyingine.

Walimzika Gathogo Nyahururu, jeneza limefungwa. Mama yake aliitwa Wahu. Jerop alishindwa kumtazama usoni. Alimwambia mbele ya kaburi, "Mama, ni mimi nilimpigia," na yule mama akajibu, "Hapana, mtoto wangu." Jerop hakumwamini. Mtoto alipozaliwa, msichana, Jerop alimwita Wahu, jina la nyanya yake kama baba yake angetaka. Kipyego alimwomba atafute jina lisilo la Kikuyu, lisiloita shida. Jerop akakataa.

Miaka ikaenda. Jerop alipata shule mjini akapanga nyumba hapo hapo Kapsoya. Hakuweka redio. Kanda iliungua dukani, kompyuta iliungua, simu iliibwa kwenye maiti, kwa hiyo aliamini kwamba wimbo wa kofia nao umekwisha duniani. Hilo ndilo jambo pekee lililompa nafuu. Kipyego aliwaletea mahindi kila mavuno, akamlipia Wahu nguo za shule, akamfunza kuendesha trekta. Mtoto hakujua baba mwingine. Kipyego hakuoa upesi, na hata alipomwoa Faith alikuwa mtu wa kunyamaza. Watu walisema ni huzuni ya kumpoteza shemeji yake.

Agosti 2022 kulikuwa na uchaguzi tena. Shule zilifungwa. Jerop alinunua unga na mafuta ya taa, akahamisha kabati mbele ya dirisha, na akawa anashtuka pikipiki ikipiga breki nje. Wahu alikuwa na miaka kumi na minne, amechoka kufungiwa, na simu ya zamani ya mama yake ilikuwa mkononi kutwa nzima.

Siku moja alimpigia Cucu, yaani nyanya yake wa Nyahururu.

"Cucu, baba alikuwa anapenda nini?"

"Chapati," Cucu akasema. "Na ule wimbo wa mbuzi. Ngoja." Akamwimbia mistari miwili kwa sauti iliyokwama kwenye kikohozi.

Wahu aliyaandika mtandaoni maneno aliyoyasikia, akiyakosea tahajia. Kabla Cucu hajamaliza kukohoa wimbo ulikuwa umefika. Mtu fulani alikuwa ameuweka huko miaka mingi iliyopita. Ulikuwa umetazamwa mara nyingi kuliko idadi ya watu wa Eldoret. Chini yake kulikuwa na video fupi za vijana wa Nairobi, Mombasa, hata ng'ambo, wakiucheza na kofia, mmoja akiwa mbuzi. Wengi wao walikuwa hawajui unasema nini. Wahu alisikiliza mara moja akatokwa na machozi, mara ya pili akacheka, mara ya tatu akaanza kujifunza mchezo wake.

Alitaka kumfurahisha mama yake. Alitafuta kofia, akaingia jikoni ambako Jerop alikuwa anasonga ugali, akaweka simu juu ya meza, akaibonyeza.

Gitaa liliruka.

Jerop aligeuka na mwiko mkononi akampiga nao mdomoni. Wahu alianguka kwenye ndoo ya maji. Mbuzi akalia kwenye simu, na Jerop akampiga tena begani, mgongoni, ugali wa moto ukimrukia mtoto shingoni, akapiga mpaka mwiko ukavunjika. Kisha akaiangusha simu sakafuni akaikanyaga kwa kisigino, akaikanyaga, hadi sauti ikanyamaza.

Wahu alikuwa ameshika mdomo, damu ikipita kati ya vidole. Jino la mbele lilikuwa limevunjika.

"Ni wimbo wa baba!" alisema. "Cucu ameniambia! Ni wa baba!"

"Ndio ulimuua!" Jerop akapiga kelele. "Huo ndio ulimuua baba yako! Umeutoa wapi? Nani amekupa?"

"Hakuna mtu amenipa. Uko tu, mama. Uko kila mahali."

Jerop alikaa chini. Hakuona mtoto alipotoka. Baadaye mama wa jirani alimwambia kwamba Wahu amelilia nauli kwake, anasema anaenda kwa anko yake Soy, na uso wake hautazamiki.

Jerop alishukia Soy akatembea hadi bomani bila kumsalimu mtu. Kabla hajafika langoni aliusikia wimbo. Hakukimbia. Aliufuata.

Wahu alikuwa amesimama karibu na zizi, ameshika simu ya Kipyego. Kipyego alikuwa amemuuliza nani amempasua mdomo na kwa nini. Mtoto, badala ya kueleza, alikuwa ameomba simu akautafuta wimbo, akamchezea ausikie. Sasa alikuwa ametoa macho, hajui afanye nini. Anko yake, mtu mzima wa mvi, alikuwa amepiga magoti kwenye mavi ya ng'ombe, amejiziba masikio kwa mikono miwili.

"Zima," Kipyego alikuwa akisema. "Zima, mtoto. Zima, alikuwa tayari ameanguka. Tayari."

Jerop aliingia langoni. "Nani alikuwa ameanguka?"

Kipyego aliinua kichwa.

"Uliniambia simu ndiyo ilimfichua," Jerop akasema. "Nani alikuwa ameanguka tayari?"

Faith, mke wa Kipyego, alitoka jikoni akasimama. Kipyego hakuinuka.

"Walidunga majani kwa panga," alisema polepole. "Moja ikampata mguuni, akalia. Wakamshusha. Wakaniuliza huyu ni nani. Nikasema simjui. Nikasema amejificha kwa gari yangu bila mimi kujua."

"Endelea."

"Wakasema kama humjui, basi anza wewe. Wakanipa rungu. Mimi nilikataa, Jerop. Wakanikata hapa." Akagusa mkono juu ya kiwiko. "Wakasema ya pili ni shingo."

"Ukapiga?"

"Nikapiga."

"Wapi?"

"Jerop, mtoto yuko hapa."

"Wapi!"

"Kichwani. Hakuanguka. Alinitazama akaniita jina langu. Wale wakageuka kunitazama, kwa sababu wamesikia anajua jina langu. Nikapiga tena. Nilipiga ili anyamaze. Ndipo simu ikalia. Alikuwa chini, bado anapumua, na simu inalia mfukoni kwake. Ikakatika ikalia tena. Hao vijana walicheka. Mmoja wao akaanza kuucheza. Halafu wakammaliza."

"Miaka yote hii," Jerop akasema, "mimi nimejua ni mimi."

"Nilisema simu kwa sababu simu haina mdomo. Sikujua utajipiga kwa mlango. Nilipotaka kusema, ukawa tayari umezaa, na mtoto akanifanya baba yake."

Jembe lilikuwa limeegemezwa kwenye ukuta wa zizi. Jerop alilichukua akalishika kinyume, akampiga kaka yake kwa mpini. Pigo la kwanza lilimvunja mfupa wa bega na kila mtu alisikia ulivyolia. Kipyego hakuinua mkono kujikinga. La pili lilimpata mbavuni, la tatu sikioni, akaangukia ubavu. Faith alipiga mayowe akawaita majirani. Jerop aligeuza jembe sasa, upande wa chuma ukawa chini, akaliinua.

Wahu alimrukia kutoka nyuma akamkumbatia mikono na jembe lake.

"Mama, wacha! Utamuua! Mama!"

Walishindana pale, mtoto akivuta, mama akivuta. Simu ilikuwa imeanguka kwenye majani na hakuna aliyeizima. Video ilikuwa ile fupi, ikiisha inaanza tena yenyewe. Mbuzi alilia, watu wakacheka, gitaa likarudi mwanzo. Mbuzi alilia tena. Jerop alisikia pumzi ya mwanawe shingoni, na damu ya mdomo wake ikimlowesha kola. Akaliachia jembe. Wakaanguka wote wawili, na Wahu hakumwachilia hata hapo chini.

Majirani walimbeba Kipyego hadi hospitali Eldoret. Wauguzi walipomuuliza kama waandike kwamba ameanguka kutoka kwenye trekta, alikataa. Aliwaita polisi wodini, akawaambia nani amempiga na kwa nini, na kwamba hamlaumu. Kisha akawaeleza habari ya Kuinet, na akawataja wale vijana aliowatambua, wawili wameshakufa, mmoja ni mfanyabiashara. Afisa aliandika, akamtazama, akamuuliza kama ana uhakika anataka kuweka sahihi. Aliweka kwa mkono wa kushoto. Mpaka leo hajaitwa.

Mkono ukiwa bado kwenye plasta alisafiri peke yake hadi Nyahururu. Cucu hakumruhusu kuvuka mlango. Alitoka akamsikiliza uani wamesimama, mvua nyepesi ikinyesha, na alipomaliza alimuuliza jambo moja tu, kama mwanawe aliita mtu kabla hajafa. Kipyego akamwambia ukweli, kwamba alimwita yeye, Kipyego. Yule mama akaingia ndani akafunga.

Jerop hajaongea na kaka yake tangu wakati huo. Mahindi bado yanaletwa kila mavuno. Faith huyaacha kwa jirani.

Kupatana na mtoto kulichukua muda. Jerop alimpeleka kwa daktari wa meno, akamwambia, "Nilikupiga kwa sababu ya jambo lisilo lako. Hukukosa."

"Najua sikukosa," Wahu akajibu.

Alinunuliwa simu nyingine. Tangu hapo alisikiliza muziki kwa waya za masikioni. Anaosha vyombo nazo, anafanya hesabu nazo, midomo inacheza bila sauti. Jerop alikaa katika nyumba iliyojaa nyimbo asizozisikia. Hapo zamani ukitaka kujua mtu ana nini moyoni ungesikia redio yake kutoka barabarani. Sasa mwanawe yuko kando yake kwenye kochi, na hajui kama analia na wimbo au anacheka nao.

Jumamosi moja alishindwa kuvumilia. "Unasikiliza nini?"

"Kitu tu."

"Na mimi nisikie."

Wahu alimtazama, akipima. Akachomoa waya. Chumba kikajaa ngoma nzito na kijana anayefoka kwa Sheng, lugha ya vijana wa mjini, kuhusu pikipiki yake na msichana wa mtaa wa Langas. Jerop hakushika hata nusu ya maneno. Aliweka mikono magotini akausikiliza wote, mpaka ngoma ya mwisho.

"Ni mbaya," akasema.

"Huo ni mbaya kweli," Wahu akakubali, akaanza kutafuta mwingine.